Kitalu 301: walikofichwa waliouawa Budapest, na wetu tusiojua walikolazwa

Mgeni anayefika Budapest, mji mkuu wa Hungary, huonyeshwa jengo la Bunge lililo ukingoni mwa mto Danube, huonyeshwa madaraja na hamamu za maji ya moto, kisha akarudi kwao ameridhika. Kitalu 301 hakimo katika safari hizo. Anayekitaka hupanda tramu nambari 28 kuelekea mashariki ya mji, akapita viwanda na maghala, akashuka kwenye lango la Makaburi Mapya ya Umma, halafu akatembea. Ni makaburi ya tangu mwaka 1886, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 200, na kitalu chenyewe kipo kwenye pembe ya mwisho kabisa. Sisi tulikwenda kwa miguu karibu nusu saa, tukiacha nyuma makaburi ya marumaru yenye maua na picha za wenyewe, mpaka njia ikawa kimya na miti ikazidi kuliko mawe. Aliyeichagua pembe hii aliichagua makusudi.

Tuliongozwa na Mzanzibari mwenzetu ambaye alikuja Hungary mwaka 1986 kwa msaada wa masomo, akasomea uhandisi, akaoa, akabaki. Ametuomba tusitaje jina lake kwa kuwa ana ndugu nyumbani, nasi tutamwita Mhandisi. Ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mwenye maneno machache. Kila mwaka ifikapo Juni 16 huja hapa peke yake. Tulipomwuliza kilichomleta mara ya kwanza alisema, "Tembeeni kwanza, wadogo zangu. Mtaona wenyewe."

Unachokiona ni uwanja wa majani uliojaa nguzo za mbao, zimechongwa kwa ufundi wa kale wa watu wa huko, moja kwa kila aliyenyongwa. Nguzo hizo zilisimamishwa mwaka 1989 na kikundi cha wasanii wapinzani kilichoitwa Inconnu. Kuna pia ukumbusho mkubwa wa mawe, kazi ya mchongaji György Jovánovics, uliozinduliwa mwaka 1992. Na kuna kaburi la Imre Nagy, ambaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo wakati wananchi walipoasi Oktoba 1956.

Kwa wasomaji wetu wasioijua khabari hiyo, tuieleze kwa ufupi. Oktoba 23, 1956, wanafunzi na wafanyakazi wa Budapest waliingia mitaani kuupinga utawala wa chama kimoja uliosimamishwa na Urusi ya Kisovieti. Nagy, mkomunisti wa siku nyingi aliyewahi kuishi Moscow tangu 1930 hadi 1944, alirejeshwa madarakani ili awatulize. Badala ya kuwatuliza akawa pamoja nao. Alitangaza serikali ya vyama vingi na akaitoa nchi yake katika Mkataba wa Warsaw. Novemba 4 vifaru vya Kisovieti viliingia mjini. Wahungary wapatao 2,500 waliuawa katika mapigano na wapatao 200,000 waliikimbia nchi. Nagy alikimbilia ubalozi wa Yugoslavia, akatolewa humo Novemba 22 kwa ahadi ya maandishi kwamba hatoguswa, na alipotoka mlangoni tu akakamatwa na kupelekwa Romania. Aliyeitoa ahadi ile ni János Kádár, ambaye siku chache kabla alikuwa waziri katika serikali ya Nagy mwenyewe.

Kesi ilikuwa ya siri. Nagy alikataa kuomba huruma. Juni 16, 1958 alinyongwa pamoja na Jenerali Pál Maléter na mwandishi wa habari Miklós Gimes. Tulisimama kidogo kwa Gimes, kwa sababu ni wa kazi yetu. Baada ya vifaru kuingia alikuwa bado anatoa gazeti la chinichini.

Sasa msomaji asikilize walivyozikwa, maana khabari ya kitalu hiki inaanza baada ya kitanzi. Kwanza walifukiwa ndani ya ua wa gereza. Mwaka 1961 walifukuliwa kwa siri, wakahamishiwa kwenye makaburi yaliyo jirani na gereza hilo, kwenye kitalu ambacho hakikuwa na alama yoyote. Maiti zilifungwa kwa karatasi ya lami, zikakazwa kwa waya, zikalazwa kifudifudi. Katika daftari la makaburi, mahali pa Imre Nagy paliandikwa jina la mwanamke asiyekuwepo duniani: Piroska Borbíró.

Sisi Waswahili tumezoea kwamba maiti, awe nani, huoshwa, akavikwa sanda, akalazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukaelekezwa kibla. Hata mwizi aliyeuawa na watu sokoni hupata mtu wa kumtafutia sanda. Wahungary wengi ni Wakristo na wana taratibu zao, lakini hapana dini wala mila tunayoijua inayomlaza maiti kifudifudi na kumfunga waya. Aliyefanya hivyo alitaka kumwadhibu mtu ambaye tayari amekwisha kufa.

Alikuwa pia na sababu ya kisiasa, na sababu hiyo tunaiona ni ya kuzingatiwa zaidi kuliko chuki yake. Mwaka 1949 serikali ya Hungary ilimnyonga waziri wake, László Rajk, kwa mashtaka ya uongo mtupu. Kádár ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo. Miaka saba baadaye chama kilikiri kwamba Rajk hakuwa na kosa, na Oktoba 6, 1956 kikaruhusu azikwe upya kwa heshima. Viongozi walidhani watapeleka mashada, watatoa hotuba, mambo yatakwisha. Walikuja watu zaidi ya 100,000. Walitembea kimya mbele ya jeneza, wakatazamana, wakajuana kwamba ni wengi. Siku kumi na saba baadaye nchi nzima iliwaka.

Kádár aliyajua hayo vizuri. Kwa hiyo alipomuua Nagy alijua kwamba kumuua peke yake hakutoshi. Kaburi lenye jina lina siku ya kwendwa na lina watu wa kwenda, na watu wakikutana mavani huzungumza. Ndiyo maana ya ile lami na ile waya na lile jina la Piroska. Alitawala miaka 32, na katika miaka hiyo jina la Nagy halikutajwa kwa wema gazetini wala skulini. Tuseme kweli, utawala wake haukuwa wa mateso matupu. Kuanzia mwaka 1963 aliwaachia wafungwa wengi, maisha yakawa nafuu kuliko kwa majirani, na wazee wengi wa huko wanamkumbuka kwa chakula na nyumba. Watu walipewa vingi kwa masharti ya kutouliza jambo moja.

Waliouliza walikuwa jamaa za waliouawa. Khabari za kitalu zilivuja kidogo kidogo, na akina mama na wajane wakaanza kuja hapa na maua, wakayaweka kwenye majani tu, kwa kukisia. Walielezea baadaye kwamba polisi wa farasi walikuwa wakipita kuvikanyaga vichuguu walivyovijenga kwa mikono yao. Majani yaliachwa yakue yapite kimo cha mtu. Binti wa Nagy, Erzsébet, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa miongoni mwa wale waliounda kamati ya jamaa na waliokuwa wafungwa mwaka 1988 kudai makaburi. Hawakudai madaraka wala fidia kwanza. Walidai waonyeshwe walipolazwa watu wao.

Na hapa tuwageukie wenzetu tulio nje ya nchi zetu, maana tumezoea kuambiwa kwamba walio nje hawana wanaloweza ila kupiga kelele kwenye mitandao. Wahungary waliokimbia mwaka 1956 walisambaa kutoka Vienna hadi Toronto. Juni 16, 1988, ilipotimia miaka thelathini, waliokuwa Ufaransa walizindua kaburi la ishara la Nagy na wenzake katika makaburi ya Père Lachaise mjini Paris. Hapakuwa na maiti ndani yake. Palikuwa na majina, na mahali pa kusimama. Siku hiyohiyo, Budapest, polisi waliwatawanya kwa virungu watu waliojaribu kuiadhimisha. Kwa hiyo kaburi la kwanza lenye jina la Waziri Mkuu huyo lilijengwa uhamishoni na wakimbizi, katika nchi ambayo yeye hakuzikwa. Mwaka mmoja baadaye ile tupu ya Paris ilikwisha kupata mwenziwe Budapest.

Ufukuaji ulianza mwishoni mwa Machi 1989. Madaktari waliwatambua mmoja mmoja. Kádár, mgonjwa na ameshaondolewa kwenye uongozi, alitoa hotuba yake ya mwisho mbele ya chama mwezi wa Aprili, akaweweseka kuhusu "yule mtu", bila ya kumtaja jina.

Juni 16, 1989 Mhandisi alikuwa mwanafunzi. Alituhadithia tukiwa tumekaa kwenye benchi pembeni mwa nguzo.

"Sisi wageni tuliambiwa tukae bwenini, hayatuhusu. Nikatoka. Nikaenda mpaka Uwanja wa Mashujaa, nikasimama mbali, maana watu walikuwa hawapimiki. Nguzo za lile jengo wamezivisha vitambaa vyeusi na vyeupe. Majeneza sita yamepangwa nje. Nikamwuliza bibi mmoja jirani yangu, nani na nani? Akanitajia watano. La sita nikamwuliza, akasema: hilo halina mtu. Hilo la wote."

Waliokuwamo ni Nagy, Maléter, Gimes, József Szilágyi aliyenyongwa Aprili 1958 na Géza Losonczy aliyefia gerezani kabla ya kesi. Jeneza la sita, tupu, lilikuwa la mamia ya vijana ambao hakuna aliyewajua nje ya mitaa yao. Watu zaidi ya 200 walinyongwa baada ya maasi yale, na wengi wao hawakuwa mawaziri wala majenerali bali wafanyakazi wa viwandani. Mmoja wao, Péter Mansfeld, alinyongwa Machi 1959, siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Mpango wa uwanja siku ile ulichorwa na wasanifu Gábor Bachman na László Rajk mdogo, mtoto wa yule Rajk aliyenyongwa mwaka 1949, aliyekuwa na miaka saba tu alipomzika baba yake kwa mara ya pili.

"Walisoma majina," alisema Mhandisi. "Mmoja baada ya mmoja. Mimi Kihungary changu kilikuwa bado cha shida, lakini jina ni jina. Ilipofika saa sita na nusu mchana kengele zikalia mji mzima, magari yakasimama. Bibi yule alikuwa akilia bila ya sauti. Nikajua kwamba ana mtu wake mle. Na mimi nikaanza kulia, naye akanishika mkono, akadhani nawalilia wao."

Tulimwuliza alikuwa akimlilia nani. Alinyamaza, kisha akasema tutafika.

Katika wasemaji wa siku ile alikuwamo kijana wa miaka 26 aliyewataka Warusi waondoe majeshi yao. Aliitwa Viktor Orbán. Majeshi yaliondoka mwaka 1991, na kijana yule akawa Waziri Mkuu mwaka 1998, na tena kuanzia 2010. Chini ya serikali yake, alfajiri ya Desemba 28, 2018, sanamu ya Imre Nagy iliyokuwa karibu na Bunge tangu 1996, ikimwonyesha amesimama juu ya daraja dogo akilitazama jengo lile, iling'olewa na kuhamishiwa uwanja mwengine kando ya mto. Serikali ilisema inaurejesha uwanja ulivyokuwa kabla ya vita. Pahala pake ukawekwa ukumbusho wa waliouawa na wakomunisti mwaka 1919. Wapinzani wakasema Nagy, kwa kuwa alikufa mkomunisti, haifai tena hadithi inayotakiwa kusimuliwa.

Hatutaki kuingia katika ugomvi wa Wahungary, lakini tulijifunza jambo tulipokuwa tukizisoma nguzo. Maiti aliyeshindaniwa na wanasiasa hapumziki. Nagy hakuwa malaika. Nyaraka zilizotolewa na Moscow mwaka 1989 zilionyesha kwamba katika miaka ya thelathini alikuwa akiwapelekea polisi wa siri wa Kisovieti taarifa za wenzake. Na katika vitalu vya jirani, ambavyo navyo vimeingizwa katika ukumbusho, wamelala walionyongwa tangu mwaka 1945, wakiwamo wasio na hatia waliosingiziwa na wakiwamo pia waliohukumiwa kwa jinai za vita. Wapo Wahungary wanaokasirika wakiwaona wote chini ya heshima moja. Tulimwuliza Mhandisi haoni tabu kumsomea dua mtu kama Nagy. Akasema, "Mimi si hakimu wa watu hawa. Mtu akiwa na makosa ahukumiwe hadharani. Ila maiti yake apewe mama yake."

Na Kádár mwenyewe? Alifariki Julai 6, 1989, siku ileile Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba Nagy hakuwa na hatia. Alizikwa kwa heshima zote katika makaburi ya Kerepesi, walikozikwa wakubwa wa nchi. Usiku mmoja wa Mei 2007 watu wasiojulikana walilivunja kaburi lake, wakachukua fuvu na mifupa, na havijapatikana. Wapo waliocheka. Mhandisi aliposimulia hakucheka, na sisi tunamwunga mkono. Aliyemfukua Kádár amefanya kitendo kilekile cha Kádár, cha kumnyang'anya maiti pahala pake.

Jua lilikuwa limeanza kulala ndipo Mhandisi alipoanza yake.

Mwaka 1969 yeye alikuwa mtoto wa miaka minne, Unguja mjini. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa karani. Usiku mmoja walikuja watu na gari, wakabisha hodi kwa adabu, wakasema anahitajika kwa mazungumzo mafupi. Alitoka na kanzu na kandambili. Mama alikumbuka zile kandambili maisha yake yote, kwa sababu mtu anayeondoka na kandambili ni mtu anayerudi.

Msomaji wetu wa Zanzibar hahitaji kuelezwa miaka ile. Walichukuliwa wadogo, wakachukuliwa na wakubwa. Abdullah Kassim Hanga, aliyesoma Moscow na kuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar kwa miezi michache ya mwaka 1964, na Othman Shariff, aliyekuwa balozi wa Muungano huko Washington, walirejeshwa Zanzibar kutoka Bara mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Walikuwa watoto wa mapinduzi yaleyale, kama Nagy alivyokuwa mtoto wa chama kilichomnyonga. Mzee Abeid Amani Karume, aliyekuwa Rais wakati huo, aliuawa Aprili 7, 1972, naye ana kaburi Kisiwandui ambalo husomewa khitma kila mwaka mbele ya viongozi na mabalozi. Hilo ni haki yake na ya wanawe. Hanga na Othman hawana hata jiwe. Wala hawana wale waliofukiwa kwa makundi mwezi wa Januari 1964.

"Sasa mfikirieni mkaza mjomba wangu," alisema Mhandisi. "Hajaambiwa mumewe amekufa. Hajaambiwa yuko hai. Akae eda au asikae?"

Hatukuwa tumewahi kulifikiria jambo hilo hivyo. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, akavaa nguo zisizo pambo, watu wakaja kumkalia, kisha akatoka na maisha yakaendelea. Aliyepotelewa na mume hana siku ya kuanzia kuhesabu. Alikwenda kwa sheikh mmoja akaambiwa angoje mpaka apate yakini. Akaenda kwa mwengine akaambiwa wapo wanavyuoni wanaosema miaka minne, lakini lazima kadhi ahukumu, na kadhi akaogopa, kwani kuhukumu kwamba mtu yule amekufa ni kusema kuna aliyemuua. Basi bibi yule hakukaa eda na hakuolewa. Wanawe walipoozwa, mahali pa baba palisemwa "hayupo". Mirathi haikugawiwa, nyumba ikabaki haina mwenyewe mpaka ikaanguka upande. Hakuna matanga, hakuna hitima, hakuna arobaini. Alifariki mwaka 1998.

"Ndiyo maana siku ile uwanjani nililia," alisema. "Lile jeneza la sita. Nilijisemea, hawa wenzetu wamejua kwamba hata asiyepatikana anastahiki jeneza."

Tulidhani ni mambo ya zamani haya, ya wazee. Mwaka jana yametufika sote. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti ilifungwa Tanzania nzima, na iliporudi zikaanza kutoka picha na majina. Idadi ya waliouawa inabishaniwa. Lisilobishaniwa na yeyote aliyesikiliza ni sauti za wazazi waliosema hadharani kwamba wamezunguka hospitali na vyumba vya maiti, wakataja nguo mtoto alizovaa, na hawakukabidhiwa mtu. Novemba serikali iliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza yaliyotokea. Tunaona swali la kwanza la wazazi wale lingeweza kujibiwa hata kabla ya kujua nani alitoa amri: yuko wapi? Wapo wajane wa mwaka jana ambao hivi sasa wako pale alipokuwa mkaza mjomba wa Mhandisi mwaka 1969, na wengi wao hawajatimiza hata miaka thelathini.

Tulimwuliza Mhandisi kilichowawezesha Wahungary kuwapata watu wao. Hakutaja mapinduzi wala demokrasia. Alisema karatasi na wazee. Gereza lilikuwa limeandika, kwa kuwa serikali za namna ile huandika kila kitu, hata uongo wao, kama jina la Piroska. Na walikuwapo waliochimba, walioendesha gari, walioshika taa. Ilipita miaka 31 tu tangu Nagy kunyongwa hadi kuzikwa, kwa hiyo waliojua walikuwa bado wana akili zao. Kwetu, dereva aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1969 leo amepita themanini.

"Aliyeendesha gari lililomchukua mjomba tulikuwa tukimjua," alisema Mhandisi, kama mtu anayekumbuka jambo dogo. "Alikuwa wa mtaa wa pili. Mama akikutana naye njiani alikuwa akimwamkia, naye akiitikia, miaka mingi. Sote tulijua na yeye alijua kwamba tunajua. Alikufa mwaka 2009, akazikwa vizuri, watu walijaa mpaka barabarani. Mama akavaa baibui lake, akaenda matangani kutoa pole kama watu wote."

Aliporudi nyumbani, mama aliwauliza wanawe kama yupo kati yao aliyewahi kumwuliza yule bwana alilipeleka wapi gari usiku ule. Hakuwepo.